Nilianguka, Sikufa

Lozells, Birmingham
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mke wangu Mama Rukia,

Salamu hizi zikukute unapumua vizuri kama ninavyopumua mimi. Goti lako la kulia linaendeleaje na mvua hizi? Na yule kuku anayetaga juu ya kabati la vyombo, bado yupo au mmekwisha kumla? Mimi ni mzima. Nalisema hili mapema kwa sababu barua yako iliyofika juzi imeniuliza: "Kama u hai, nijibu upesi. Kama umekufa, nataka kujua umezikwa wapi na nani aliyekuosha."

Habari kwamba nilianguka ni ya kweli. Hiyo ya kuzikwa ameiongeza binamu yako Hamadi, ambaye hajawahi kupeleka habari bila kuitia nazi. Khitma mliyonisomea nawashukuru. Iwekeni, itafaa baadaye.

Unanitaka nishuke kwenye winchi nirudi nyumbani. Nakuomba unisome hadi mwisho kwanza, maana mtu aliyefundisha sayansi miaka ishirini na minne hawezi kuanguka asieleze sababu.

Unajua kazi yangu huku Tyseley ni kukaa ndani ya kibanda kilichoning'inia chini ya paa la kiwanda, nikiinua vyuma na kuviteremsha. Ni kazi ya heshima. Namwona kila mtu utosi wake na hakuna anayenikatiza. Lakini kila mwaka mwendesha winchi hupimwa na daktari wa kiwanda, na akishindwa hupewa ufagio. Kazi ya katikati hakuna.

Siku hizi umeme hukatika kwa mgomo wa wachimba makaa, kwa hiyo bomba la joto likipata moto kila mtu hulikumbatia. Nami nilikaa kando yake karibu saa nzima nikisubiri kupimwa, nimevaa fulana mbili, sweta na koti. Sasa sikiliza. Mwili ukipata joto, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hutanuka ili joto litoke, na damu nyingi huenda huko. Ukikaa kitako muda mrefu, nyingine hutuama miguuni. Ukiwa umekaa huoni tofauti yoyote.

Mlango ukafunguka, akaingia Mzee Shaame, bawabu wa kiwanda, Mpemba, mkubwa wangu kwa miaka kumi. Ulitaka nibaki nimekaa? Niliruka. "Shikamoo, Mzee Shaame." Nikasikia "Mara", lakini "haba" haikunifikia.

Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, miguu imewekwa juu ya kiti, na Mzee Shaame akimweleza nesi wa Kiingereza kwa Kiswahili, polepole ili aelewe: "Mimi sikumgusa. Amenisalimia tu."

Mama Rukia, shingoni kwako pande zote mbili, kwenye kuta za mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani, wamo walinzi wadogo wanaohisi mshipa unavyotanuka. Ukisimama, damu hushuka na mshipa hulegea. Walinzi hupeleka habari ubongoni, na ubongo huuamuru moyo upige upesi na mishipa ya miguu na tumbo ijibane, damu irudi juu. Yote hayo huisha kabla hujamaliza kuifunga kanga yako. Lakini kwa mzee aliyejipika ndani ya koti, amri huchelewa. Ni kama unavyowaita wajukuu waje kula dagaa: wanakuja, ila si mara moja. Na ukishaanguka, kichwa huwa sawa na moyo, damu ikafika bila kupanda mlima. Kwa hiyo kuanguka kwenyewe ndiyo dawa. Nilimweleza daktari hivyo. Hakupendezwa.

Kisha nikafanya kosa la pili. Nesi alinifunga mkononi kile kitambaa kinachojazwa upepo, akaniuliza hali, kama Waingereza waulizavyo pasipo kutaka jibu. Mimi niulizwe hali ninyamaze? Nikamjibu, nikamuuliza ya kwake, ya mumewe, ya watoto na ya paka. Kumbe mtu akizungumza, moyo hujitahidi zaidi na presha hupanda. Zebaki ya kipimo ikapaa. Daktari akaona mtu ameanguka kwa presha kushuka, na kipimo kinasema imepanda.

"Huu mwili wako haujui unataka nini," akasema. "Rudi baada ya wiki mbili."

Wiki mbili nikafagia. Nyapara wetu, kila akipita: "Mwalimu, na kule juu kulikuwa na vumbi hivi?" Nilizoea kuuona utosi wake, sasa nikawa naona kidevu.

Nikwambie wewe peke yako: niliogopa. Sikuogopa ufagio. Niliogopa kwamba walinzi wangu wamechoka kweli, na kwamba nitarudi kwako nimebebwa.

Siku ya kupimwa tena, Mzee Shaame alinisindikiza, akabaki nje. Nesi alikuwa mwingine, binti wa Murang'a, Sista Wambui. Alisoma karatasi ya mwenzake, akanitazama.

"Mzee, wewe ni mtu wa pwani?"

"Umejuaje?"

"Hapa wameandika mgonjwa haachi kuongea. Sasa sikiza. Koti utoe. Miguu usipandanishe. Dakika tano sitaki maneno. Hata nani akiingia, usisimame."

"Akiingia mkubwa wangu?"

"Utamsalimia na macho."

Hazikupita dakika mbili, Mzee Shaame akachungulia mlangoni. Magoti yangu yalianza kunyanyuka yenyewe. Sista akanikandamiza bega. Nikamsalimia kwa macho.

"Makubwa," akasema Mzee Shaame. "Siku hizi tunakonyezana."

Nikapimwa nimelala, nimekaa, nimesimama. Walinzi wote wapo kazini.

"Presha iko juu kidogo tu," akasema Sista. "Fikiria kitu cha kukutuliza."

Nikakufikiria wewe unafungua mlango. Zebaki ikapanda.

"Ai, umefikiria nini?"

"Mke wangu."

"Basi yeye mwache kwanza. Fikiria kazi."

Nikafikiria kile kibanda changu, na kipimo kikatulia. Akaandika. Jumatatu nilipanda ngazi, polepole, nikisimama kila vidato vitano.

Kwa hiyo sishuki sasa. Mkataba ukiisha nitakuja, kwa miguu yangu.

Karatasi hii ya barua ya ndege imebaki ukingo tu. Msalimie mama mkwe, ndugu yangu fundi cherehani, na jirani yetu aliyepika pilau ya khitma yangu. Mwambie nimeambiwa ilikuwa nzuri na nimesikitika kuikosa. Na siku nitakayofika, nakuomba usitokeze ghafla mlangoni. Niite kwanza ukiwa ndani, unipe nafasi ya kukaa.

Mumeo, aliye hai,
Baba Rukia