Zinapotea Katika Tanuri la Bedan

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa katika kituo kidogo cha polisi, barabara ya Thika kwenda Ruiru, tarehe 15 Novemba 1954, saa nne asubuhi.

Jina: Kitheka Kilonzo. Umri: miaka 34. Kazi: karani wa mizani, kiwanda cha biskuti za mbwa cha Bwana Pellow. Makao: nyumba za wafanyakazi, Thika.

Afande, ripoti hiyo mliyo nayo ni mimi niliyeiandika. Imesomwa vibaya na mtu amefungwa kwa ajili yake, ndiyo maana nimekuja mwenyewe.

Mnamo tarehe 20 Oktoba Bwana Pellow aliniita ofisini. Wazungu wa mashamba walikuwa wameanza kuwanunulia mbwa wao biskuti za kiwanda kipya cha Ruiru. Gunia lao ni shilingi 24, letu 29. Akaniambia, "Kitheka, nitafutie wanatushindia wapi. Tukienda hivi, Krismasi nafunga."

Mnamo tarehe 22, saa tatu asubuhi, nilinunua gunia lao dukani Ruiru. Nilipima ratili mia moja nikaziingiza katika tanuri letu. Zikatoka tisini. Zetu nilizirudisha vilevile, hazikupungua. Basi nikajua hawa watu wanauza maji kwa bei ya unga. Sisi tunakausha sawasawa: unga uliokandwa ukiingia ratili mia, biskuti zinatoka themanini na mbili. Nilifurahi kama mjinga.

Nikamwandikia Bwana Pellow ripoti hivi: "Kila ratili mia, kumi na nane zinapotea katika tanuri la Bedan." Bedan Wainaina ndiye mchomaji wetu, Mkikuyu, nimefanya naye kazi miaka saba. Ningeandika "zinakauka" tu. Mizani naijua, lakini neno hilo moja lilinishinda.

Mnamo tarehe 6 Novemba, saa moja asubuhi, Inspekta alikuja kiwandani na askari, ripoti niliyompa Bwana Pellow iko mkononi mwake. Alimwuliza Bedan, "Hizo zilizopotea umewapelekea Mau Mau msituni?"

Bedan akajibu, "Sijapeleka kitu. Mwulizeni Kitheka, mwenye mizani ni yeye."

Nilisema ni maji. Inspekta akaniuliza yako wapi. Nikasema yalitoka kwa bomba la moshi, ni mvuke. Askari walicheka sana, na Bedan akatiwa pingu.

Mke wake, Warigia, amekuja kwangu mara mbili. Hanitukani. Ananiuliza tu niliandika nini. Heri angenitukana.

Nilitaka tupime unga mbele yenu, muone kwa macho. Haiwezekani tena. Juzi Bwana Pellow amefunga kiwanda, na tanuri amewauzia watu wa Ruiru.

Bedan hakuiba hata biskuti moja. Hayo ndiyo ninayoyajua, nimesomewa na nimeyakubali.

Sahihi: K. Kilonzo

Maandishi ya afisa: Shahidi amekiri ripoti ni ya mkono wake, na hawezi kuonyesha chakula kilichopungua kilikwenda wapi. Mshukiwa apelekwe kizuizini kwa lori la leo.
Sajini Rama