Siku Coy Hembree Aliposukuma Gari

Marlow Creek, North Carolina
5 Septemba 2018

Dada yangu mpendwa Oleta,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Naomba barua hii ikukute mzima, na kama imekukuta umesimama jikoni tafadhali vuta kiti, maana leo nina mengi, na wewe nakujua, husomi barua ila ukiwa na mwiko mkononi. Vipi macho baada ya upasuaji? Unaona vizuri sasa, au bado ni mumeo Gene anayekusomea maandishi ya kwenye chupa za dawa? Kama ndivyo, nakuomba hii usimpe akusomee. Isome mwenyewe kwanza, hata ikikuchukua siku nzima, halafu umpe.

Sisi hatujambo. Goti la wifi yako Nadine linamsumbua, ingawa nimegundua linamsumbua siku za kufua tu. Siku za kanisani linapona. Maharage yamekubali mwaka huu. Nyanya zimeliwa na kulungu, na mimi nimeshastaafu kazi ya kuwafukuza. Wanasimama pale bustanini wananitazama kama vile mimi ndiye mgeni.

Sasa nikupe habari. Jumamosi iliyopita mashabiki wa zamani wa mbio za magari walikutana pale uwanja wa Cane Hollow kuadhimisha miaka hamsini ya ile siku. Najua ulipelekewa mwaliko, na nimeambiwa ulijibu kwa adabu kwamba mambo ya mbio hayakuhusu tena. Hata mimi sikuwa na nia ya kwenda. Kila mwaka wakikutana huwa najitafutia shughuli. Safari hii Nadine ndiye aliyenitoa nyumbani. Alisema amechoka kuniona nikizima redio kila inapotajwa ile siku, na kwamba kama kuna kitu kimenikwama kooni, basi nikakiteme hukohuko nilikokimezea.

Usingeutambua uwanja. Misonobari minene kama mapipa imeota kwenye kona ya kwanza, na majukwaa yameanguka yote isipokuwa lile la kona ya nne, letu. Tulikutanika kwenye ukumbi wa wazima moto ulio ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na nguruwe wa kuchoma, kabichi, mkate wa mahindi, na wazee kama sitini hivi wenye fimbo na kofia zenye namba. Hakuna aliyewapanga, lakini watu wa dereva Hembree walikaa kushoto na watu wa mpinzani wake Stancil kulia, kama walivyokuwa wakikaa zamani, na matusi yakaanza kabla ya sala ya chakula.

Aliyesimama kusimulia ni Harlan Teague, yule aliyekuwa akiuza karanga za kuchemsha. Alianza vizuri. Mizunguko mia tatu, jua kali, Coy Hembree kwenye gari lake la buluu namba 44 ameongoza tangu mzunguko wa mia na ishirini. Hapo akasimama mama mmoja wa miaka themanini na minne, Wilma Jean Crisp, mtu wa Stancil hadi mifupani, anayetoka kule upande wa pili wa mlima.

“Harlan, hebu kaa chini! Wewe mzunguko wa mwisho uliuona wapi? Ulikuwa chini ya jukwaa unaokota karanga zako!”

“Niliuona kwa masikio, mama. Injini ya Hembree naijua kuliko sauti ya mke wangu.”

“Ndiyo maana alikuacha!”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Harlan mwenyewe akacheka hadi akatoa meno ya bandia. Lakini alipofika mwisho wa hadithi hakuna aliyemkatisha tena. Wewe huhitaji kusimuliwa, ila niache niandike, kwa sababu mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa na kuisikia hadi mwisho. Alisema kwamba Hembree alitoka kona ya nne peke yake, Stancil yuko nyuma karibu nusu ya uwanja, watu wameshaanza kurusha kofia, na ghafla gari likanyamaza. Mafuta yameisha. Likaserereka lenyewe, likapunguza, likasimama hatua themanini kabla ya mstari. Stancil akapita. Bendera ya mirabaraba, ile ya kumaliza mbio, ikapungwa kwa ajili yake. Magari mengine yakapita, moja moja.

Ndipo Hembree aliposhuka. Akavua helmeti akaiweka kwenye kiti taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akaingiza mkono mmoja dirishani akashika usukani, akaegemeza bega kwenye fremu ya mlango, akaanza kusukuma. Pale pana kimwinuko. Mafundi wake hawakuruhusiwa kugusa, wakabaki wanatembea kando yake wakilia. Harlan anasema ilichukua dakika kumi, Wilma Jean anasema kumi na saba, karibu wapigane. Lakini wote wanakubaliana kwamba watu wa Stancil nao walisimama, na kwamba uwanja ulikuwa kimya hadi ukasikia viatu vya mtu mmoja vikikwaruza lami. Akavuka mstari akiwa wa tisa.

Hembree mwenyewe alikuwepo, Oleta. Ana miaka themanini na sita, yuko kwenye kiti cha magurudumu, mjukuu wake anamsukuma. Wakamuuliza siku ile alikuwa akiwaza nini. Akafikiri kidogo akasema, “Niliwaza kwamba gari ni zito.” Wakamuuliza sasa kwa nini alisukuma na mbio alikuwa ameshazikosa. Akamtazama aliyeuliza kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa suruali. “Sasa ningeliacha pale?”

Baada ya chakula walizima taa. Wilma Jean alikuwa ameleta filamu aliyoipiga marehemu mumewe siku ile kwa kamera ndogo ya mkononi. Haina sauti, na haijawahi kuonyeshwa kwa watu. Ilikuwa kwenye kopo la biskuti darini mwake. Wakatundika shuka ukutani. Picha ilikuwa inatetemeka, rangi zimefifia, lakini gari la buluu lilionekana, na mtu mwembamba amejiinamia ubavuni mwake. Nilikuwa nimeketi nyuma karibu na mlango, tayari kutoka.

Halafu nikaiona kofia yangu. Ile ya buluu niliyoiacha kwenye msumari wa jikoni siku niliyokwenda Vietnam, yenye 44 aliyoishona mama, nne moja imepinda. Ilikuwa kichwani mwako. Ulikuwa umeshuka jukwaani hadi kwenye wavu wa waya, mikono yako miwili imeshika wavu, na ulikuwa unatembea. Kila Hembree alipopiga hatua, nawe upande wa pili wa wavu ulipiga hatua, unausukuma ule waya kana kwamba ndio gari. Ulikuwa peku. Na nyuma yako, kijana mrefu mwenye masikio makubwa, amebeba viatu vyako, kimoja mkono huu, kingine mkono ule.

Nilisimama. Sikumbuki kusimama, lakini Nadine anasema nilisimama mbele ya watu nikaziba picha, wakaanza kunipigia kelele nikae.

Wilma Jean akasema, “Binti huyo namkumbuka. Alisimama karibu nami pale mwisho. Alikuwa analia, halafu ananiambia, mama, sasa kaka yangu nitamwandikia nini? Yuko vitani, ameniagiza nimtazamie kila kitu. Nikamwambia mwandikie ukweli tu, mwanangu. Akasema hapana, amebakiza siku arobaini na moja arudi nyumbani, siwezi kumwandikia kwamba mtu ameishiwa akiwa anauona mstari.”

Nikamwambia kwamba kaka huyo ni mimi. Yule mama, Oleta, aliyekuwa amewatukana watu wa Hembree tangu asubuhi, akaja akanishika uso kwa mikono yake miwili.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana kurasa zote hizi nimekuwa nikilikwepa.

Barua yako ya Septemba ile niliipata. Uliandika kwamba Hembree ameshinda kwa urefu wa magari mawili, kwamba alitoa mkono nje ya dirisha akapunga, kwamba watu walikula karanga za Harlan bure. Niliisoma kwa sauti kikosini jioni tatu mfululizo. Watu ambao hawajawahi kuona uwanja wa mbio walikuwa wakiniomba nirudie pale kona ya nne. Kisha siku ya nane kijana mmoja wa kaunti ya jirani, Truett Boggs, shabiki wa Stancil, akapata ukurasa wa gazeti kutoka kwa shangazi yake. Alinipeleka kando akanionyesha. Nikamwomba asiseme. Jioni ile wenzetu waliponiomba tena barua, Truett alikaa akasikiliza hadi mwisho, mtu ambaye dereva wake ndiye aliyeshinda kwa haki, akasema, “Mashabiki wa Hembree mna bahati, jamaa. Hebu rudia pale kona ya nne.” Hakuwahi kuitoa siri. Kwa hiyo huo uongo wako, dada, ulinifikisha nyumbani. Hilo nilipaswa kukuambia siku niliyoshuka kwenye basi.

Lakini sikukuambia, na sababu ni mbaya. Mama alikuwa ameniandikia kwamba siku ya mbio Gene alikuja kukuchukua na gari la baba yake. Nikajumlisha mwenyewe. Nikasema mtu aliyekuwepo hawezi kuandika vile. Basi Oleta hakwenda. Nilimwomba kitu kimoja tu, akae mahali pangu anitazamie, naye akaenda kuzurura na mvulana halafu akanitungia hadithi. Nilirudi na jambo hilo moyoni. Pale stendi ulifungua kinywa kama mtu mwenye neno, nami nikakukatiza nikakuuliza habari za mbwa. Watu walipoanza kuzungumzia Hembree ulikuwa unaondoka chumbani, nikasema, ndiyo, aibu hiyo. Sikuuliza hata mara moja. Siku zile kuuliza kulinishinda, na baadaye miaka ilikuwa imepita mingi mno, kuuliza kukawa ni aibu yangu.

Na Aprili iliyofuata, wewe na Gene mlipofunga ndoa, nilikwambia msimamizi kiwandani amekataa kunipa ruhusa. Si kweli. Hakuna aliyeninyima. Nilivaa suti, nikaendesha hadi Cane Hollow. Hakukuwa na mbio siku ile, lango lilikuwa wazi tu. Nilikaa kona ya nne peke yangu hadi nilipohesabu kwamba mmeshakata keki na mmeshaondoka kuelekea Ohio. Baba alikuwa amefariki, na mimi ndiye niliyepaswa kukushika mkono nikuingize kanisani. Nasikia uliingia peke yako. Nasikia ulisimama mlangoni kwa muda mrefu kabla ya kuingia, ukitazama barabara.

Mimi ni mtu wa miaka sabini, Oleta, na sijui namna ya kuomba msamaha kwa jambo la ukubwa huu. Nimeandika sentensi hii mara nne. Nisamehe. Kwa ule mlango, nisamehe. Na kwa kumchukia bure, miaka arobaini na tisa, kijana aliyekuwa anatembea nyuma yako amebeba viatu vyako.

Sitaki unijibu upesi. Hasira ikikujia, kasirika hadi ikuishe, ni haki yako. Wilma Jean ameahidi kunitengenezea nakala ya filamu, nami nitakuletea mkononi, si kwa posta. Nimeshaongea na Nadine: tutakuja huko kwenu Dayton mwezi ujao kabla barafu haijaanza, goti likiruhusu, nami nadhani litaruhusu kwa kuwa huko hatafua.

Wasalimie watoto na wajukuu, umbusu yule mdogo ambaye bado sijajua jina lake. Majirani zako wa zamani hapa wanakusalimu, na Hembree amekusalimu yeye mwenyewe. Nilipomweleza wewe ni nani, alisema alikuona siku ile, mtoto mwenye kofia kubwa upande wa pili wa waya, na kwamba alishindwa kusimama kupumzika kwa sababu hukusimama.

Nadine anasema niache kuandika nikalale. Basi nakuaga kwa mapenzi yote niliyokunyima. Mwambie Gene keki najua imeisha, na kwamba nimechelewa harusini, lakini ninakuja.

Ni mimi kaka yako,
Delmas