Aliyemchunga Yule Ndama

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimefika Kinampanda. Babu yako kikohozi kimemwachia, na alizeti mwaka huu imekubali.

Unasema unaogopa kuuliza mnaposoma Biblia na wenzako, wasije wakakuona huna imani. Hata mimi niliogopa. Katika usichana wangu nilichunga ng'ombe wa baba, kwa hiyo mimi na wenzangu tuliposoma habari za mwana mpotevu nikaropoka, "Aliyemchunga yule ndama aliyechinjwa, aliulizwa?"

Wote wakanigeukia. Nikatamani ardhi ipasuke. Rafiki yangu Eliwaza, tuliyekutana kwake, akashusha pumzi: "Afadhali umesema. Siku zote namwonea huruma kaka mtu." Tukacheka, tukabishana mpaka uji ukaungua.

Uliza, mama. Sisi tumezeeka pamoja, na habari ya ndama yule bado hatujaimaliza.

Bibi yako