Waya Ule Niliuunga Mimi

Baba,

Leo sianzi kwa shikamoo. Nimekupa shikamoo kwa zaidi ya miaka hamsini, na nyingi katika hizo ulizipokea bila ya kuinua uso kutoka kwenye meza yako ya vitreni vya mfano. Hii moja ikikukosa, hutaijua.

Nakuandikia kwa sababu nna hasira, na mtu alokufa hana simu ya kupokea ugomvi.

Habari za nyumbani kwanza. Arubaini yako imekwisha salama. Watu walikuja wengi, wakala, wakakusifu. Mzee mmoja mlofanya kazi pamoja wizarani alisema maishani mwake hajapata kuona mtu mwenye subira kama wewe. Mimi nlikuwa jikoni nikimsikia, nikaitua sufuria kwa kishindo mpaka shangazi akaniuliza nimeungua? Subira! Subira ulikuwa nayo kwa behewa la urefu wa kidole. Ungeweza kukaa siku nzima na kibano mkononi, unabandika dirisha moja la kituo. Mimi nikikwambia maneno mawili, la tatu hulisubiri.

Wiki ilofuata ndugu yangu Khalfan alipanda kwenye chumba chako cha juu ya dari, akazima kiyoyozi. Kile kile kilokuwa kikinguruma mchana na usiku kwa ajili ya reli zako, na huku Mama, Mungu amrehemu, analala chini na mashine mbovu inayopuliza hewa ya moto, anajipepea kwa kipande cha karatasi. Mwanao alikizima bila ya nia mbaya, kuokoa umeme tu.

Ilikuwa mwezi wa sita. Unalijua jua la mwezi wa sita likishika zege. Siku nne tu, reli zikatanuka. Na kwa kuwa wewe uliziunga zote kwa risasi ya kuyeyusha, bila ya kuacha upenyo hata wa unywele, hazikuwa na pa kwenda. Zikapinda, zikang'oka na vijimisumari vyake, zikainuka juu ya meza kama nyoka alokanyagwa. Mlima wako wa plasta ukapasuka katikati. Khalfan akanipigia simu. "Dada, njoo uchukue hivi vitu vya Baba, la sivyo Jumamosi naviitia gari la taka."

Nikamwambia, "Tupa." Nikakata. Kisha nikachukua ufunguo wa gari, na kutoka kwangu Hail mpaka kwako Khuwair njia nzima najitukana.

Nimeingia kile chumba peke yangu, bila ya kubisha, kwa mara ya pili maishani mwangu. Mara ya kwanza unaijua. Nataka uisikie tena, na safari hii hutanikatiza.

Nlikuwa na miaka kumi na nne. Treni yako ya Bububu, mfano wa ile ya kale ya kwetu visiwani, ulokuwa ukiijenga kwa hadithi za babu kwa sababu wewe mwenyewe hukuwahi kuiona, ilikuwa inakufa ndani ya tundu la mlima. Inaingia, inazima. Wiki tatu ulihangaika. Ulibadilisha injini, ukasugua reli, ukamgombeza Mama kwa vumbi la mazulia. Sote tukawa tunatembea kwa ncha za vidole. Ijumaa ile ulipokwenda msikitini, nikapanda. Sikugusa reli. Nilijilaza chini ya meza na tochi mdomoni, nikafuata waya mmoja mmoja kwa kidole, mpaka nikaufikia ulokatika ndani ya ngozi yake. Kwa nje mzima, kwa ndani umekwisha. Nikauvua, nikausokota, nikawasha kile chuma chako cha kuyeyushia risasi, nikauunga. Nlikuwa nimekuangalia mara mia kupitia tundu la ufunguo. Nikatoka chini, nikazungusha kitufe, na treni ikaingia mlimani na ikatoka upande wa pili.

Baba, sijawahi kukwambia jinsi ilivyokuwa. Sijapata kumwambia mtu. Hata siku ya kuzaa wanangu sikutetemeka vile.

Khalfan akanikuta. Alikuwa na miaka kumi na miwili, ana koni ya barafu mkononi. Na wewe ukaingia nyuma yake, kanzu bado ina harufu ya ubani wa msikiti. "Nani kagusa?" Nikafumba macho kungoja kofi. Nikamsikia Khalfan anasema, "Mimi, Baba."

Hukumpiga. Ulimbeba. Kijana wa miaka kumi na miwili, miguu inaning'inia, ulimbeba mpaka chini kwa Mama. Jioni ile ukaita majirani wa Khuwair nzima. "Mwanangu fundi! Mwanangu kapata alichoshindwa baba yake!" Na nani alozungusha sinia ya halua na kahawa? Mimi. Vidole viwili vimeungua na risasi, nawamiminia watu kahawa wampongeze ndugu yangu.

Siku tatu baadaye nikajipa moyo, nikakwambia, "Baba, ule waya niliuunga mimi." Ulinitazama kwa muda mrefu. Ukasema, "Usimhusudu ndugu yako, Salma. Husuda inaunguza."

Kwa waya ule Khalfan akapelekwa nje kusoma uhandisi. Kwa waya ule ule mimi nlipoomba kusoma uhandisi ukanambia kazi ya spana si ya mtoto wa kike. Nikasomesha hesabu skuli ya wasichana miaka ishirini na minane. Khalfan alirudi baada ya mwaka mmoja na nusu, kashindwa, akafungua duka la mazulia. Hukumlaumu. Ulisema mwalimu wake mbaya.

Na mimi, maisha yangu yote, nlikuwa na udhuru mmoja nlokuwekea. Nilijiambia: hajui. Maskini Baba, hajui. Angejua, angenipa haki yangu. Udhuru huo ndo ulonileta kila wiki kukukata kucha ulipoumwa.

Sasa sikiliza kilichotokea siku ile nilipokwenda kuchukua taka zako.

Prossy, yule msichana wa Kiganda alokuuguza miaka miwili ya mwisho, alikuwa bado yupo nyumbani anangojea tiketi yake ya kurudi kwao. Akapanda kunisaidia kufunga. Tukang'oa reli zilopinda, tukazitia ndani ya ndoo. Kikabaki kipande kimoja kilonyooka, mbele ya kituo. Prossy akaweka injini juu yake, akashika kile kisanduku cha umeme cha kuendeshea kama mtu anayeshika kijiko chake mwenyewe, na akaipeleka mbele, pole pole, akaisimamisha sawasawa mlangoni mwa kituo. Akairudisha.

Nikamuuliza, "Nani kakufundisha?"

"Ni Mzee, Madam. Mikono yake ilikuwa inatetemeka sana. Akawa ananiambia, Prossy, endesha wewe, mimi nitaangalia."

Moyo ukanipasuka, nakwambia kweli. Mimi uliniachia tundu la ufunguo, na mgeni unampa kisanduku. Lakini Prossy hana kosa, na hata hilo ningelimeza. Ila akaendelea, anacheka, anadhani ananifurahisha.

"Alinionyesha hata ile waya yako, Madam. Huku chini. Alisema angalia, hii ni kazi ya Salma, alikuwa na miaka kumi na nne. Alisema Khalfan mkono wake ni mzito, hawezi kufanya kitu safi hivi."

Nikamwambia, "Alijua lini?"

"Alisema siku ile ile."

"Na kwa nini hakusema?"

Prossy akaacha kucheka. Akashusha injini. "Na mimi nilimuuliza hivyo. Akasema: wiki tatu nilitafuta sikuona, na mtoto wa kike ameona kwa saa moja. Nikimsifu, mimi nabaki nani katika chumba changu?"

Nikakaa chini, pale pale kwenye vumbi la plasta.

Ulijua.

Ulinitazama usoni, nina malengelenge vidoleni, ukaniita hasidi. Na hasidi ni nani, Baba? Ulimhusudu mwanao wa kumzaa kwa sababu ya waya wa shubiri moja. Wewe, mtu mzima, ambaye imamu wa mtaa asipokuja wanakusogeza mbele usalishe. Ukamtwisha mtoto mwingine sifa isiyokuwa yake mpaka ikamvunja mgongo. Ukamwambia kweli mfanyakazi, kwa kuwa ulijua ataondoka nayo.

Nikashuka kwa Khalfan, yuko sebuleni. Nikamwambia. Akaisukuma chai yake kando. Kisha akasema, "Dada, nlitaka usipigwe tu. Wallahi. Kisha ikawa tamu, nikashindwa kuitema. Na kule chuoni kila nikikamata waya nilikuwa nakuona wewe." Akalia. Mtu wa miaka hamsini na mmoja. Nikamkumbatia, na nikakuchukia mara mbili, mara moja kwa ajili yangu na mara moja kwa ajili yake.

Gari la taka hatukuliita. Meza yako nimeikata kwa msumeno vipande vitatu, ikapanda gari ya mizigo ya jirani, na sasa iko nyumbani kwangu, chumba alichokiacha mwanangu mkubwa alipooa. Nilidhani nitaitazama mwezi mmoja kisha nitaitupa kwa raha zangu. Siku ya pili nlikuwa niko chini yake na tochi mdomoni. Magoti yamezeeka, vidole havijasahau.

Reli zako zilopinda nimezitupa. Nimelaza mpya, na kila baada ya hatua nimeacha upenyo wa unene wa kadi, ili chuma kikipata joto kipate pa kupumulia. Mtu yeyote angekwambia hivyo kama ungemwuliza mtu yeyote. Mlima wako sikuujenga tena. Treni yangu haiingii gizani, inapita wazi mbele ya nyumba, na mikarafuu nimeifanya kwa vijiti vya mmea wa zaatari, mibaya kuliko yako, lakini ni yangu.

Ijumaa baada ya sala tunakutana watu saba nyumbani kwa daktari mmoja wa meno alostaafu, hapa hapa Hail. Wengine walicheza treni utotoni na wamerudia uzeeni, wengine ndo kwanza wanaanza na kiduara kimoja juu ya zulia. Injini ikigoma wananisogezea mimi. Juzi kijana mmoja wa kampuni ya umeme aliniuliza, "Mama Salma, nani kakufundisha?" Nikamjibu, "Hakuna." Alidhani nafanya mzaha.

Ile injini nyeusi uloifungia ndani ya kabati ya kioo nimempa Prossy, na Khalfan karidhia. Imekwenda Uganda ndani ya begi la nguo, imeviringishwa kwenye kanga. Ametuma picha. Binti yake anaisukuma kwa kidole juu ya mkeka, bila ya reli, na rangi imeshabambuka ubavuni. Nimefurahi mno.

Lakini kuna kitu kimoja kinanifanyia ubaya, nacho nakwambia ili usidhani nimetulia. Nlipokuwa namwaga kokoto mpya kando ya reli, nilikumbuka Qurayyat. Nlikuwa na miaka saba. Ulinichukua mimi peke yangu, tukakaa pwani asubuhi nzima tunachekecha mchanga kwa chekecheke la unga la Mama, tunatafuta punje zilizo sawa za kumwaga kando ya reli zako. Ulikuwa umekunja kanzu mpaka magotini. Ulisema, "Wewe una jicho." Ulisema hivyo, Baba. Sikuota. Ulikuwa unajua kulisema, na ulilisema, kisha kwa miaka yote ilobaki ukalificha. Ningependa uwe mtu mbaya tu. Ingekuwa rahisi.

Basi nakuaga. Nakuombea dua kila baada ya sala, kwa kuwa ndo haki yako kwangu, na haki ya mtu mimi sili. Mungu akupanulie kaburi, akuondoshee giza.

Ila siku ile ya mazishi, Khalfan alisimama makaburini akawaomba watu wakusamehe ulichowakosea, na wote wakajibu, "Tumesamehe." Alinihadithia. Mimi sikuwepo, wanawake hatuendi kuzika. Nlikuwa nyumbani nakunja mikeka, na hakuna mtu alokuja kuniuliza.

Kwa hivyo neno hilo bado ninalo mimi. Nakuahidi sitalisema kwa ajili ya macho ya watu, wala kwa kuogopa ndoto. Ikifika siku nikawa nalo moyoni kweli, nitakuja mwenyewe nisimame juu yako, nikwambie kwa sauti. Wewe ngoja. Wanasema una subira.

Mwanao,
Salma