Macho ya Mbwa wa Tereza

Makere, Kasulu

Mjukuu wangu Dafroza,

Huku hatujambo, mama yako amemaliza kuvuna maharage. Umeniuliza umtie nini mbwa wako mwenye macho mekundu.

Nikiwa msichana, mbwa wa dada yangu Tereza alivimba macho, yakajaa tongotongo. Baba akamwambia, "Mshike nimkamulie tumbaku. Ndiyo dawa."

Mbwa alimwamini Tereza, akatulia mikononi mwake. Baba alipomkamulia machoni, mbwa akalia mpaka majirani wakatoka nje. Akapofuka. Hata hivyo, kila aliposikia sauti ya Tereza alikuja akijigonga huku na huku, akainua uso apanguswe. Tereza alimpangusa huku analia.

Wako mpanguse kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, umpeleke leo kwa daktari wa mifugo. Chochote utakachomtia, yeye atatulia tu.

Bibi yako,
Agnesi