Sikio Lisilovunjika

Jumatatu, 2 Juni
Baiskeli tatu tangu asubuhi. Pancha, pancha, halafu ya Mwalimu Elia. Yake ni yale yale: mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha mnyororo, umeng'oka. Mara ya tatu tangu mvua ziishe. Njia ya shuleni kwake ni majani na vijiti vitupu. Kijiti kikinasa mkono, lile sikio la alumini linaloushikilia kwenye fremu linakatika kama muhogo. Wenye viwanda wanatupunja. Chuma hawana? Nimechoka kubadilisha masikio. Mwalimu naye kachoka kukokota.

Alhamisi, 5 Juni
Nimetengeneza wangu. Mkono mfupi, unajikunja chini ya fremu badala ya kuning'inia nje. Springi ya stendi ya pikipiki. Na sikio la chuma cha springi ya lori, nilikiokota Chalinze. Tupa mbili zimekwisha meno. Nimeligonga nyundo, nimelikanyaga. Halipindi. Mke wangu Mwanaidi ananicheka, eti nimeoa baiskeli. Acheke. Makurunge nzima hakuna fundi mwenye kichwa hiki.

Jumatatu, 9 Juni
Mwalimu kaondoka na baiskeli yake yenye mkono mpya, anapiga kengele njia nzima. Saidi, mchuuzi wa dagaa wa njia ya Mkange, kaona na yeye kataka. Nimemfungia. Nina raha mpaka naona aibu.

Jumatano, 18 Juni
Mwalimu kaanguka. Mteremkoni, gurudumu la nyuma likakwama ghafla, akatupwa juu ya kisiki. Yuko hospitali. Kuanzia kiunoni kwenda chini ganzi tupu.

Alhamisi, 19 Juni
Baiskeli imeletwa kwangu. Spoku zimesokotana. Kijiti kilinasa mkono, mkono ukaburutwa ndani ya gurudumu. Sikio zima. Halina hata mkwaruzo.
Nimelitazama mpaka adhana ya alasiri. Lile la kiwandani lingekatika. Mnyororo ungelegea, Mwalimu angekokota huku ananilaani, basi. Limewekwa pale likatike! Miaka yote nayabadilisha na kuyatukana, sijawahi kujiuliza kwa nini. Mjinga mimi. Mjinga mwenye kiburi.

Ijumaa, 20 Juni
Baada ya sala watu wamenizunguka. Lo, wananisifu. Ajali yote ile na chuma cha fundi hakijapinda! Watatu wanataka la kwao. Nikawaambia ni chuma hicho hicho kilichomwangusha Mwalimu. Wakanipa pole, wakasema ni mipango ya Mungu. Hakuna anayetaka kunilaumu.
Saidi nimemwomba anirudishie lake. Kakataa katakata. Kama lina ubaya, mbona lenyewe zima? Ana watoto wanne, na kila siku anateremka mteremko ule ule.

Jumapili, 22 Juni
Hospitali. Nimemweleza Mwalimu yote, sikio lenyewe nimelishika mkononi. Akauliza kama nilijua. Nikasema sikujua.
"Basi sasa unajua, fundi."
Akageuza uso ukutani. Mama Neema, mkewe, hakuitikia salamu yangu. Haki yake.

Jumanne, 24 Juni
Mama Neema kaja mwenyewe kibandani. Kiti kakikataa. Kataka nimpeleke kwa huyo Saidi. Huko hakusema mengi. Alimweleza tu jinsi anavyomgeuza mumewe kitandani asipate vidonda. Saidi kaenda kuchukua spana mwenyewe, hakunitazama.
Saidi nimemwachia ule mkono niliotengeneza, ila sasa kwa sikio laini la alumini. Nimelikata mfereji katikati kwa msumeno, likatikie hapo.

Jumamosi, 28 Juni
Mwalimu hana nafuu. Wale watatu waliotaka sikio la chuma nimewakatalia. Mmoja kasema nina roho mbaya.

Jumatano, 9 Julai
Saidi kaja saa nane mchana, jasho linamchuruzika, kakokota baiskeli na tenga lake la dagaa kutoka kule mteremkoni. Kijiti kimenasa mkono, sikio limekatika. Kanitukana mbele ya wateja, mimi na ukoo wangu wote. Fundi gani huyu, anafunga vitu vya karatasi!
Nimempa kiti, nimempa maji. Nikaitazama miguu yake, vumbi mpaka magotini, inavyokanyaga chini kwa hasira.
Nikamfungia jingine, laini vile vile.