Marehemu wa Kila Jumamosi

Gereji ya Baiskeli,
Mkabala na mlango wa baba yako.
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi, nyingi kuliko hasira niliyo nayo, na hasira ninayo ya kutosha kugawia mtaa mzima. U hali gani? Kifua kimepona? Wifi na watoto hawajambo? Baridi ya huko bado inakulaza na soksi? Sisi huku wazima. Mama goti linamlalamikia, lakini mzima. Baba yako mzima. Narudia, maana hapa kwetu neno hili sasa linataka kupigiliwa msumari: mjomba ni mzima, anakula, anabisha, na asubuhi hii amenigombeza kwa kuacha pampu njiani.

Siku ile ulipopiga simu ukilia, mikono yangu ilikuwa imejaa grisi, nikamwomba yeye aipokee. Ndiyo maana ukasikia sauti ya marehemu ikikuuliza, "Nani kafa tena?" Nisamehe. Ukakata simu, hata mimi ningekata. Ulipopiga mara ya pili ukataka nikueleze, nikashindwa. Mambo haya kwa simu yanakatika katikati, na hasira ikikatwa katikati huuma tumbo. Ndiyo nakuandikia.

Unajua kwamba mjomba alianguka kwenye ngazi akichora kibao cha duka la dawa, akavunjika mguu. Mlango wake ukafungwa miezi kadhaa, makopo ya rangi yakakauka dirishani. Miezi hiyohiyo ndipo walipozuka watu wa matembezi ya bure. Kila Jumamosi kijana mmoja mwenye fulana ya njano na kipaza sauti kidogo kiunoni hukusanya watu, hawa kwa miguu, wale kwa baiskeli, akawazungusha mitaani akiwaeleza habari za mji. Hatozi kitu. Mwishoni huvua kofia akaipitisha, kila mtu atie kadiri alivyoguswa. Sisi tumembatiza Kipaza.

Mwanzoni sikuwa na neno naye. Matairi yake yanavuja upepo, na upepo nauza mimi. Lakini kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilipaswa kujiuliza mapema kwa nini hiki kinatembezwa kwa kipaza sauti.

Mtaa wetu hauna mnara wala jumba la kuonyesha watu. Una vibao. Juu ya kila duka kuna mkono wa baba yako: herufi nene zenye kivuli, kana kwamba zimetoka kidogo ukutani kuchungulia wateja. Kipaza akavipenda, na hapo sigombani naye. Kisha akauona mlango umefungwa na makopo yamekauka. Kuuliza si ujinga, lakini yeye hakuuliza mtu. Alimuua tu.

Jumamosi ya kwanza baada ya mjomba kurudi kazini, mimi nilikuwa nimechuchumaa najaza gurudumu. Msafara ukasimama mlangoni pake. Kipaza akashusha sauti kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. "Nyuma ya mlango huu," akasema, "alifanya kazi mchora herufi wa mwisho wa mji huu. Alikufa peke yake, brashi mkononi." Watu wakainamisha vichwa. Mzee mmoja akavua kofia yake ya baiskeli. Mle ndani mjomba akakohoa. Kipaza hakutikisika hata ukope. "Nyumba za zamani," akasema, "zina sauti zake."

Peke yake, Kaka! Mimi niliyembeba mgongoni kwenda kufungwa plasta, mama yangu aliyempikia uji miezi yote hiyo, sisi wote tumefutwa kwa pumzi moja ili kifo kipendeze.

Kofia ilipokwisha kupita nikamshika Kipaza mkono. "Huyo unayemzika," nikamwambia, "leo asubuhi kaazima koleo langu, na hajarudisha." Nikamwingiza ndani. Akamwamkia mjomba kwa adabu zote, akaonekana kafurahi kwelikweli, kisha akaomba jambo dogo. "Mzee, hapa mlangoni kwako ndipo watu wanapoguswa. Wengine wanalia. Nikisema uko hai..." Akatafuta neno. "Inakuwa duka tu." Kwa hiyo alikuwa anaomba, kama mzee hataona vibaya, Jumamosi akae chumba cha nyuma mpaka msafara upite.

Nikasubiri mjomba amrushie kopo. Unajua alisema nini? "Kijana wa watu anatafuta riziki. Nikinyamaza kidogo, itanipunguzia nini?"

"Mjomba," nikamwambia, "hata kuku akichinjwa hupiga kelele."

"Mpwa wangu," akanijibu, "kuku hana malezi."

Basi kila Jumamosi baba yako akawa anajificha ndani ya nyumba yake mwenyewe, amekaa juu ya ndoo, hapigi hata mluzi, asije akamwaibisha mtu anayemtangaza maiti. Nami ng'ambo ya barabara nasaga meno kama mnyororo usio na mafuta.

Itanipunguzia nini, alisema! Mwenye duka la vitambaa, aliyechorewa na mjomba tangu ana meza moja, alibandika kibao kipya cha plastiki kilichochapwa kwa mashine. Nikamfuata. Akashangaa: "Kwani mzee si alishafariki? Hata wageni wanajua." Kinyozi naye hivyohivyo. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Kwetu mgeni kaja, mwenyeji kazikwa. Kazi zikakauka kuliko yale makopo. Mtu aliyeponea kwenye mguu akawa anafia kwenye midomo ya watu, polepole, na maombolezo yenyewe yanatolewa bure. Kisha mtembeaji mmoja akapiga picha mlango ule na kuisambaza na maneno ya huzuni, ikazunguka mpaka ikakufikia wewe huko uliko.

Nilidhani kilio chako kitamwamsha. Wiki ileile Kipaza akarudi, safari hii ametumwa na wenzake wa matembezi. Wanataka kibao cha kumbukumbu ya marehemu kitundikwe pale mlangoni, na kwa heshima yake kisiwe cha mashine, kichorwe kwa mkono. Wamezunguka mji mzima hawajapata mtu anayechora vile. Akakuna shingo. "Sasa mzee, tukafikiri... labda wewe..."

Mimi nilitoka nje nikaenda kupiga tairi teke. Nikarudi nikakuta mjomba ameshapima ubao. "Tarehe ya kufa niandike ipi?" anauliza, penseli sikioni.

"Weka mwaka tu, mzee. Wowote wa karibuni."

Nikamuuliza kama amerukwa na akili. Akasema kazi ni kazi, na ameshinda bila kushika brashi muda mrefu, na kama lazima mtu aandikwe vibaya basi herufi angalau ziwe nzuri. Siku zile zote sikumsemesha. Lakini alipiga mluzi, Kaka. Alipiga mluzi mpaka usiku.

Jumamosi ile kabla ya jana msafara ulifika umejaa kuliko siku zote, maana walitangaziwa uzinduzi. Kipaza akaanza: alikufa peke yake, brashi mkononi. Mlango ukafunguka. Baba yako akatoka na ngazi begani na kibao kwapani, kwa sababu hajawahi kumwachia mtu atundike kazi yake. Akaweka nyundo na misumari chini, nikakimbia kuishika ile ngazi. Akapanda, mguu ukimwuma, nikausikia ukitetemeka mpaka viganjani mwangu. Juu kule akatazama chini, akamwambia mama mmoja mwenye mwavuli, "Nipe hiyo nyundo, mwanangu."

Mama akampa. "Samahani, wewe ni nani yake?"

"Ndiye mimi. Na msumari mmoja pia, tafadhali."

Kibao kikafunuliwa. Jina lake kamili, kazi yake, mwaka aliozaliwa, na neno "Alifariki" kwa herufi zenye kivuli kizuri kuliko zote alizowahi kuchora. Mbele ya neno hilo, patupu. Rangi nyeupe tu.

"Mzee," Kipaza akanong'ona, bila kukumbuka kwamba kipaza sauti hakijazimwa, "kazi haijakamilika."

"Hata mimi sijakamilika," mjomba akamjibu. "Nafasi nimeacha ya kutosha. Atakayeijaza mwambieni asibane herufi."

Mama mwenye mwavuli akamgeukia Kipaza. "Mimi nimemlilia huyu mara mbili! Na shemeji yangu nikamleta alie!" Wengine wakacheka, wengine wakaona haya. Kofia siku ile nadhani ilirudi nyepesi.

Ungedhani watamwomba radhi. Jana msafara ulikata kona kabla ya kutufikia. Wamehamia mtaa wa pili, kwenye tanuri la mwoka mikate ambaye, nimehakikisha, kafa kweli. Baba yako yuko mlangoni, brashi mkononi, yuko hai, na kwa hiyo hatazamiki. Yule mama tu ndiye aliyerudi, peke yake, akaagiza kibao cha saluni yake. Ndiyo kazi moja aliyo nayo.

Nilitaka barua hii iishe nikimtukana Kipaza, lakini kalamu imegoma. Ulipodhani baba yako amekufa, saa hiyohiyo ulipata ruhusa kazini na tiketi ukakata. Uliposikia ni mzima, ukatuma ujumbe kwamba unauliza kama nauli inarudishwa. Miaka yote amekuwa akikungoja, ruhusa haikupatikana hata siku moja. Sasa niambie wewe na yule mwenye fulana ya njano mnatofautiana wapi.

Tiketi usiirudishe. Njoo nayo.

Mama anakusalimu, na anasema goti halijamzuia kukusubiri. Fundi viatu wa kona anakusalimu, wanangu mapacha nao wanauliza kama mjomba wao wa mbali ni mrefu. Msalimie wifi, wabusu watoto. Mola akulinde njiani, namaanisha njia ya kuja.

Ni mimi nikupendaye kiasi cha kukugombeza,
Dada yako, fundi baiskeli.